"Let's catch up": nani yuko mbele, nani yuko nyuma?

Wandugu, mumeona namna mialiko ya kukutana kwa wale waliosoma pamoja imebadilisha lugha? Zamani kidogo komite ilikuwa inaandika «retrouvailles de la promotion», kila mutu anaelewa, mambo inaisha. Sasa unafungua WhatsApp unaona afishi ya rangi ya zahabu, glasi mbili zinagongana, na juu yake maandishi makubwa: «Let's catch up!» Chini ndiyo tarehe, sale, na mchango ya dola. Na wenye kuandika ile afishi ni sisi wenyewe, watoto wa Goma, wa Bukavu, wa Lubumbashi, wenye tuliandika TFC mu Kifaransa na kuitetea kwa jasho, na wenye tunagombanaka mu grupu kwa Kiswahili. Kiingereza kilikuja na kazi za ONG, na filamu, na wenzetu wenye wako Kampala na Nairobi. Haina mbaya. Lakini lile neno nataka tulipime, juu naona tunalivaa sawa koti ya kuazima, bila kuangalia mu mifuko kama mwenyewe aliacha kitu.

Tuanze na matumizi. «Catch» peke yake ni kukamata, kudaka: mpira, mwizi, basi, hata homa. Ukiongeza «up», maana inageuka: kufikia mutu ao kitu chenye kilikuwa mbele yako. Weye uko nyuma, yeye yuko mbele, unakaza mwendo mpaka munakuwa sambamba. Hii «up» haionyeshe juu, ile ya ngazi na milima. Inaonyesha kwamba jambo limefika mwisho wake, sawa vile «fill up» ni kujaza mpaka kitu kijae kabisa. Kutoka pale neno likazaa matawi. «Catch up on work» ni kumaliza kazi yenye ilikuwa imelala. «Catch up on sleep» ni kulipa deni ya usingizi. Mutu akisema «his past caught up with him», anamaanisha mambo ya zamani yamemufikia huyo bwana, na haikukuwa kwa heri. Mwishoni ndiyo kuko ile ya ku afishi: kukaa na mutu mwenye hamujaonana tangu zamani, kupeana habari mpaka hakuna mwenye anabakia nyuma ya maisha ya mwenzake.

Muone vizuri: hata mu ile maana ya mwisho, ya urafiki, kuko kitu chenye kilikimbia mbele na kuko mutu mwenye anakifuata.

Kuko pia maana ya biro, na hii inafaa kujua mapema kama unatafuta staji. Shefu akikutumia mesaji kwamba anataka «a quick catch-up» saa tatu, hakuitie kwa kupiga stori. Anataka ripoti. Utakuta kijana anafika na tabasamu na kikombe cha chai, anakuta kompyuta imefunguliwa ku tablo ya budje. Maneno ni yale yale, lakini ku afishi ni sherehe, mu biro ni hesabu.

Sasa asili yake, na hapa wenye tulisoma mu Kifaransa tuko na bahati. «Catch» si mtoto wa Uingereza. Ililetwa na Wanormandi, wale walivuka bahari mu mwaka wa 1066 na kushinda vita ya Hastings. Kifaransa yao ya kaskazini ilisema «cachier» pale wenye walikuwa karibu na Paris walisema «chacier». Ile ya Paris njo leo «chasser», kuwinda, kufukuza. Kiingereza kikala neno moja mara mbili: mara ya kwanza ku mdomo wa Wanormandi, ikakuwa «catch», mara ya pili ku mdomo wa Paris, ikakuwa «chase». Ni hadisi moja na «castle» na «château»: kaskazini walibakiza sauti ya K, Paris wakaipeleka ku CH. Nyuma ya yote kuko Kilatini «captare», kujaribu kukamata, yenye ilizaliwa na «capere», kushika. Ukoo ni mukubwa: «capturer», «captif», na hata «acheter». Ndiyo, ule wa kununua ku soko nao ni ndugu wa kuwinda, na wenye walishanunua kitu ku Birere watasema haishangaze.

Mwanzoni kabisa mu Kiingereza, «catch» ilimaanisha kufukuza, si kukamata. Maana ilitembea polepole kutoka ku mbio mpaka ku mwisho wa mbio, pale mkono unagusa manyoya. Kisha «chase» ikachukua kazi ya kufukuza, na «catch» ikabakia na nyama.

Kitu kingine cha kuchekesha. Maverbi yenye Kiingereza kilikopa ku Kifaransa karibu yote yanatii, yanachukua «-ed» bila maneno. «Catch» ilikataa. Iliona verbi moja ya kienyeji yenye maana ya kushika, «latch», yenye wakati uliopita wake ulikuwa «laught», ikaiga: «caught». Leo «latch» mwenyewe amekuwa mutu wa kawaida, anasema «latched» sawa wengine, na mgeni ndiye amebakia na nguo ya kienyeji. Mwalimu mwenye anachapa watoto juu ya «catched» angewaambia kidogo hii hadisi. (Na kwa wale wataniuliza mu komenti: «ketchup» ya tomate haimo. Ile inatoka mbali, ku lugha ya Kihokkien ya kusini mwa China, na mwanzoni ilikuwa mchuzi wa samaki.)

Basi, tuko na neno la muwindaji lenye liligeuka neno la mbio, na lile la mbio likageuka neno la marafiki. Shida yangu nalo iko wapi?

Shida ni kwamba ku kwetu ile picha ya mbio haijakufa. Mutoto wa Kongo anajua nafasi yake tangu premiere primere: wa ngapi ku ngapi. Bulletin inarudi nyumbani, baba haulizi umejifunza nini, anauliza umekuwa wa ngapi. Ku mwisho wa sekondari, Examen d'État inatoka na pursanti. Mwenye amepita wanamumwangia puda nyeupe ku kichwa na barabara yote inaona, na mwenye hakupita barabara yote inaona vilevile kwamba kichwa yake haina puda. Ku iniversite kuko proklamasiyo: majina yanasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, grande distinction, distinction, satisfaction, kisha wale wa kurudi ku deuxième session. Kuna wenye wanatoka kupitia mlango wa nyuma mbele jina yao haijafikiwa. Na wale wa miaka ya karibuni wenye wameanza na LMD, ile session imepewa jina jipya. Jina gani? «Session de rattrapage». Tafsiri hiyo ku Kiingereza: «catch-up».

Sasa mwaliko unakuja miaka saba kisha kolasiyo. Mutu anaona «Let's catch up». Yeye hana kazi ya Leta, ONG yenye alikuwa anafanyia ilifunga mradi, anauza inite na mafuta ya kupikia mbele ya nyumba ya wakwe. Munafikiri anasoma nini pale? Anasoma rattrapage. Anasoma kwamba wengine wako mbele na wanamungojea aje apimwe. Na ku ile sherehe yenyewe kitu cha kwanza kinakuaka «tour de table»: kila mutu anasimama, jina, shirika, fonksiyo. Wa Banki. Wa madini ku Kolwezi. Wa Umoja wa Mataifa. Kisha kuko ule mwenye anasema jina yake, anakaa kimya kidogo, anasema «niko nafanya mambo yangu», watu wanapiga makofi kwa huruma. Mwaka unaofuata hakuji. Anaacha grupu usiku, wakati watu wamelala.

Najua jibu lenye litatolewa, na ni jibu la kweli: asili ya neno si maana yake. Muingereza mwenye anasema «let's catch up» hawazi muwindaji wala swala, anawaza chai. Kama tungekuwa tunahukumu maneno kwa mababu yao, tusingeweza hata kununua mkate, juu «acheter» nayo ilikuwa mu msitu. Kubali. Tena kuko upole moja mu sarufi ya Kiingereza wenye hatuuonaka: mutu akisema «I need to catch up with you», ni yeye mwenye kusema ndiye anajiweka nyuma. Anasema habari zako zimekimbia, mimi nimechelewa, ningoje. Hii ni heshima. Na akisema «let's», wote wawili wanafukuzana, kwa hiyo hakuna mwenye yuko mbele, ni habari tu ndizo ziko mbele. Kama tungelitumia vile, ningekaa kimya.

Lakini lugha ya kigeni haifike ku mutu vile inafikaka ku mwenyewe. Muingereza alikunywa «catch up» pamoja na maziwa, haone tena vipande vyake. Sisi tulilisoma mu listi ya «phrasal verbs», mstari kwa mstari, «catch» upande wa kushoto, maana upande wa kulia: kufikia mwenye yuko mbele. Ile maana ya kwanza ndiyo tulipewa kwanza, na njo inabakia kichwani. Kisha tukalibandika ku sherehe yenye tayari iko na tour de table na viti vya mbele kwa wenye walilipa zaidi. Neno halikuunda mashindano. Limeyapa tu jina yenye inasikika nzuri, na hapo njo naona hatari yake.

Tuangalie Kifaransa kinafanya nini. Kiko na verbi ile ile ya mbio, «rattraper», nayo ni ya uwindaji pia, juu ndani yake kuko «trappe», mtego. Lakini Mfaransa hamwambie rafiki yake wa zamani «rattrapons-nous». Rattrapage ni ya wenye walichelewa: ya mitihani, na ya wale watoto wenye walikosa masomo na wanaenda ku centre de rattrapage scolaire. Kwa rafiki, atasema «se retrouver», kupatana tena, ao «renouer», kufunga tena fundo yenye ililegea. Hata Kiingereza chenyewe kiko na «reconnect», yenye ndani yake kuko Kilatini «nectere», kufunga kamba. Hiyo haina mbio. Ila ku kwetu «connexion» imeshaliwa na simu: ukiandika «reconnectons-nous» watu watauliza kama komite inagawa mega. Na hatuwezi kulaumu watu, wenye walikuwa hapa tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2018 wakati intaneti ilikatwa kisha uchaguzi, wakakaa karibu siku 20 bila, wanajua «kuunganishwa tena» ni furaha ya namna gani.

Na Kiswahili? Hapa njo nataka tukae kidogo.

Mutu akikutana na mwenzake wa zamani ku barabara ya Goma ao ku Kamalondo, hasemi kitu cha mbio. Anasema: «Siku mingi!» Ni maneno mawili tu. Hakuna mwenye alitangulia, hakuna mwenye alibakia. Kosa ni ya masiku, zimekuwa mingi. Na mwenzake anajibu: «Siku mingi kabisa!» Kisha ndiyo inafuata «habari za masiku?», na pale kila mutu anachagua mwenyewe habari gani ya kutoa. Unaweza kuanza na mutoto mwenye amezaliwa, ao na mama mwenye amekufa, ao na timu ya mpira. Hakuna mwenye amekuuliza fonksiyo.

Kama urafiki ulikatika zaidi, tunasemaka «tulipoteana». Wenye tulifundishwa sarufi tulipita haraka hapa. Kupotea ni kwa mutu mmoja. Kile kipande kidogo, «-an-», kinabadilisha hesabu yote: mimi nilikupoteza, weye ulinipoteza, kwa wakati moja, kwa uzito moja. Hakuna lugha ya kupima nani alikimbia. Na dawa yake inavaa kipande kile kile: kutafutana, kuonana, kupatana. Ile «kupatana» ni tajiri sana. Ku Dar es Salaam wanaitumia zaidi kwa kuelewana, kumaliza ugomvi. Huku kwetu «tupatane kesho» ni kukutana tu, mbele ya depo. Lakini ile maana nyingine iko chini yake inangoja: huwezi kupatana peke yako. Lingala nayo iko vile vile, «komonana», kuonana, na kipande ni kile kile, juu ni mali ya ukoo wote wa lugha za kibantu. «Catch up» inaweza kufanywa na mutu mmoja: mimi ninakufikia, weye hata hujui. Kupatana hapana.

Sisemi Kiswahili ni malaika. Kuko «umepotea!», yenye inasemwa na kicheko lakini inachoma. Ni mashitaka. Mwenye anaisema naye hakupiga simu miaka tatu, hata kubipe hakubipe, lakini anawahi kusema mbele yako, na unajikuta unaomba musamaha kwa kosa yenye muligawana nusu kwa nusu. Kwa wale wenye hawana kazi «umepotea» ni mbaya kuliko «catch up», juu ni kweli walijificha. Kwa hiyo hata nyumbani kuko neno la kuchagua na neno la kuacha.

Na kuko uzito mwingine wenye unanifanya nisitake kuchezea haya maneno. Mu mwezi wa kwanza 2025 Goma, mu mwezi wa pili Bukavu: vita iliingia mu miji yetu, na promosiyo nzima zikasambaa. Wengine Kinshasa, wengine Bujumbura, wengine mu kambi za Uganda, wengine walibakia nyumbani na simu imezimwa. Watu walipoteana, na hapa si picha ya mushairi. Kuko familia zenye bado zinatafutana. Croix-Rouge iko na kazi yenye inaitwa «rétablissement des liens familiaux»: mutu anaandika barua fupi, habari za familia tu, inabakia wazi bila kufungwa, na watu wanaibeba mpaka ipate mwenyewe. Jaribu kuita kazi hiyo «catch-up» usikie namna inasikika. Mutu mwenye ametafuta mudogo wake miezi sita hatafuti nani yuko mbele.

Sasa mu magrupu yetu kuko namba zenye hazijibu tangu wakati ule. Zingine mwenyewe alibadilisha laini, zingine hatujui. Komite inaandika «Let's catch up!» na tarehe na mchango, na ile mesaji inabakia na alama moja ya kijivu kwa wale watu, haijafika. Kwa wenye ilifika, nusu wanaangalia bei, nusu wanaangalia nani atakuja, na kuko mwenye anawaza tour de table.

Kama komite ingeniomba maneno ya kuweka ku afishi, ningeandika «Siku mingi», kubwa, na chini yake tarehe. Ningeondoa tour de table, watu wakae tu, chakula ianze saa moja kamili, na mwenye anataka kujua mwenzake anafanya kazi gani amuulize mwenyewe sikioni. Mchango iwe kwa mwenye anaweza. Glasi za zahabu wanaweza kuziacha, haina shida.